Huduma Bila Upendeleo

Ilikuwako nchi moja, na bado ipo, ila usihangaike na ramani, maana ukiiona utasema ni ya jirani. Nchi nzuri tu. Ina mito, ina milima, ina mawaziri wa kutosha. Kitu kimoja tu ilikosa, nacho ni nyota. Majenerali walikuwa nazo mabegani, mahoteli yalikuwa nazo mlangoni, lakini hospitali, wapi. Watu walikuwa wanaugua bila nyota na wanakufa bila nyota, na serikali ilipolijua hilo haikupata usingizi.

Basi ikaundwa Mamlaka ya Ithibati. Kazi yake ni kupita kwenye mahospitali, kupima ubora, na kugawa nyota. Hospitali nzuri inapata tano. Ya wastani inapata mbili. Ile ambayo haina kitu kabisa inapewa semina.

Haya yote Zawena hakuyajua. Yeye alikuwa na baba.

Baba yake, Mzee Kunambi, alikuwa fundi baiskeli, na ninaposema fundi namaanisha fundi, si wale wanaokuzibia pancha leo kesho unarudi. Asubuhi moja ameinama anakaza spoku, mkono wa kulia ukagoma. Mguu ukafuata. Mdomo ukaenda upande. Majirani wakampakia kwenye guta la magurudumu matatu, Zawena akakimbia nyuma ameshika viatu vya baba mkononi, wakaenda hadi Hospitali Kuu ya Matumaini Endelevu. Mzee akapewa kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume. Mama alishatangulia miaka mingi, ndugu wako mbali, kwa hiyo wa kumuuguza alikuwa huyo huyo Zawena.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote na kila mtu aliujua. Daktari anaandika. Sista anachoma sindano. Yanayobaki ni ya ndugu wa mgonjwa. Ndugu anakuja na shuka, ndoo, beseni na chupa ya chai. Ndugu anamwogesha mgonjwa, anamgeuza, anambeba kwenda kupigwa picha, anaanika kanga kwenye ua. Uji unapikwa kule nyuma, kwenye mafiga, kila ukoo na sufuria yake. Masista walikuwa wanne kwa wodi nzima na walikimbia mpaka ndala zinakatika. Si watu wabaya. Walikuwa wachache tu, na uchache haukuwa na dawa.

Mmoja wao, Sista Tumpe, ndiye aliyemfundisha Zawena kumlisha mzee. Maana kiharusi kilikuwa kimegusa hadi koo. Muinue kwanza, alimwambia, mwegemeze upande ulio mzima. Uji mwepesi, nusu kijiko. Halafu subiri. Koo likipanda likashuka, ndipo umpe kingine. Usimkimbize, maana uji ukikosea njia unaingia kwenye mapafu.

Na siku moja ulikosea kweli. Mzee akaanza kukoroma, midomo ikabadilika rangi. Sista Tumpe akaja mbio anakokota pampu, ile mashine ya kufyonza makohozi, akaichomeka kwenye umeme pale ukutani kando ya dirisha, akaingiza mpira kooni, grrr, akavuta, mzee akarudi. Tangu siku hiyo Zawena alilisha kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mzee hakuweza kusema, lakini jicho la kushoto lilikuwa lake bado. Akilifumba mara moja, maana yake nimemeza, lete. Mlinzi akiingia na fimbo yake kufukuza ndugu muda ukiisha, mzee alilifumba haraka haraka mara nyingi, na Zawena alijua hayo ni matusi.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo. Mzee alikuwa anapona. Vidole vya mguu vilishaanza kucheza.

*

Mkurugenzi wa hospitali aliitwa Daktari Mbwilo. Alikuwa daktari kwa maana kwamba zamani aliwahi kumtibu mtu. Siku hizi alitibu ripoti. Akarudi kutoka mji mkuu ana kitabu kinene cha viwango, akakusanya watumishi uwanjani, na kwa kuwa watumishi hawakujaza uwanja, ndugu wa wagonjwa nao wakaambiwa wasogee.

"Ubora si tukio," akasema. "Ubora ni safari. Na safari bila nyota ni kutembea gizani."

Wakapiga makofi. Zawena alipiga kwa mkono mmoja juu ya paja, mwingine umeshika sufuria.

Kazi ikaanza. Yaani ungeona. Kuta zikapakwa rangi. Miti ikapakwa chokaa hadi kiunoni. Mawe nayo yakapakwa, na mbuzi mmoja wa jirani aliyelala karibu na mawe akarudi kwao na mguu mweupe. Likaja bango la Haki za Mgonjwa, kubwa mno, hakuna ukuta uliotosha, likapigiliwa misumari pale dirishani kwa Mzee Kunambi. Likaziba dirisha, likaziba na ile soketi ya umeme ya kando. Haki ya kwanza kwenye bango ilikuwa haki ya mgonjwa kupata mwanga na hewa safi. Zawena alimsomea baba yake haki hiyo akiwa amewasha tochi ya simu.

Kwenye ukuta wa mbele likaandikwa neno la wodi, herufi ndefu za buluu: KILA MGONJWA NI MZAZI WANGU. Fundi rangi aliuliza wodi ya watoto waandike nini. Akaambiwa hayo hayo.

Na pampu ikapakwa rangi. Ilikuwa ya siku nyingi, imechubuka. Wakaipaka nyeupe, wakaiweka katikati ya wodi juu ya meza yenye kitambaa, wakaizungushia utepe mwekundu wa kitani, ukafungwa ua. Mtathmini Mkuu wa Mamlaka ya Ithibati, siku ya kuja kukagua, ndiye angeizindua. Sista Tumpe alinong'ona kwamba hii mashine mbona ilizinduliwa zamani, akajibiwa kwamba ilizinduliwa bila ithibati.

Basi ikabaki shida moja tu, watu. Kitabu kilisema kila vitanda vichache viwe na muuguzi wake. Na wale wauguzi wanne waliokuwepo hawakuwa na nafasi, walikuwa wamechukuliwa na kwaya. Mapokezi bila kwaya si mapokezi, na kwaya haiwezi kuwa ya watu baki, maana wimbo ulikuwa na beti zenye majina ya viongozi na vyeo vyao, huwezi kumkabidhi mtu yeyote tu. Kwa hiyo masista wakashinda chini ya turubai wakipanga sauti, na mgonjwa wa sindano alipelekwa huko huko, akachomwa katikati ya ubeti na kiitikio.

Matroni, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, ndiye aliyelipata jibu. Alikuwa anachungulia nyuma ya jengo, akaona moshi. Akaona watu wamejaa, mmoja anakoroga uji, mwingine anafua shuka, mwingine amembeba babu mgongoni anampeleka msalani. Akamwita Mkurugenzi aje aone. Wakasimama pale wakitazama, kama watu waliogundua madini.

Kesho yake ndugu wa wagonjwa wote wakapimwa mabega.

*

Sare zikashonwa kwa mapazia ya wodi, na hakuna aliyeyalilia mapazia, maana dirisha lilishazibwa. Zawena akapewa yake. Ya buluu, ina mfuko kifuani, na kalamu mfukoni isiyo na wino. Alipojitokeza mbele ya baba yake, jicho la kushoto likamtazama kutoka juu hadi chini, halafu likalowa. Mzee alikuwa siku zote anataka bintiye asomee uuguzi. Zawena akashindwa kumwambia ni pazia.

Na tuseme kweli, mwanzoni ndugu walifurahi. Yule mlinzi wa fimbo sasa aliwapigia saluti. Mama mmoja alitoka nje akaingia tena ili apigiwe ya pili.

Aliyefurahi zaidi ya wote alikuwa jirani wa Zawena pale kwenye mafiga, mama Riziki, mwanamke mkubwa wa kucheka, ambaye mwanawe Riziki alianguka na bodaboda akavunja paja, sasa amelala mguu umening'inizwa na jiwe kwenye kamba. "Mwanangu we," alimwambia Zawena akijipapasa mfuko wa kifuani, "ningejua kazi ya serikali inakuja hivi, ningemvunja huyu mguu mapema."

Kisha wakaitwa uwanjani tena. Mkurugenzi akafungua kitabu.

"Kiwango kinasema huduma itolewe bila upendeleo. Sasa nawauliza. Mtu akimhudumia baba yake, huo si upendeleo ni nini?"

Watu wakatazamana. Wakaitikia kwa vichwa, maana aliuliza kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akaendelea kwamba kuanzia leo hakuna mtumishi atakayegusa mgonjwa wa kwao. Watabadilishana vitanda. Na siku ya ukaguzi, yeyote atakayeonyesha udugu kwa namna yoyote, kwa neno, kwa chozi au kwa kukonyeza, mgonjwa wake atapewa ruhusa ya kwenda nyumbani hapo hapo, awe amepona au la.

Zawena akanyoosha mkono. "Bosi, baba yangu hamezi vizuri. Nani atamlisha?"

"Mtumishi."

"Mtumishi gani?"

"Wewe si mtumishi?"

"Ndiyo."

"Basi mtumishi kama wewe."

Watu wakacheka kidogo, Mkurugenzi naye akacheka, na kikao kikafungwa kwa sala.

Mambo yakaenda kwa bahati nzuri, au ndivyo walivyodhani. Matroni alipogawa vitanda, Mzee Kunambi akaangukia kwa mama Riziki, na Riziki akaangukia kwa Zawena. Wakakaa kwenye mabeseni yaliyopinduliwa, kila mmoja akamfundisha mwenzake wake. Wa mama Riziki hakuwa na kazi. Riziki mikono yake mizima, anakula mwenyewe, tena anakula hadi cha jirani. Lakini Zawena alieleza kwa vitendo, akamfanya mama Riziki amlishe yeye mwenyewe uji, ashike hapa kooni asikie linavyopanda na kushuka. Jicho la kushoto likifumbwa, ndipo. Lisipofumbwa, hata iweje, usimpe. Mama Riziki akaacha kucheka siku hiyo. Akarudia maneno yote moja moja. Akasema, "Nitamshika kama yai."

Na alimshika hivyo kweli. Mzee alikula vizuri kwa mkono wake, Zawena akitazama kutoka kitanda cha Riziki upande wa pili, akijifanya anamlisha mwenyewe, ambaye alikuwa anaona aibu ya kufa.

Sasa Matroni akaleta zoezi la mwisho. Kiwango kinataka chakula kitolewe kwa wakati. Basi kikitolewa, kitolewe kwa wakati mmoja. Akipuliza filimbi, vijiko vyote juu. Akipuliza tena, vyote mdomoni. Wakafanya mazoezi siku nzima, wodi nzima, juu, mdomoni, juu, mdomoni, kama kwata ya polisi. Walitumia vijiko vitupu, maana chakula cha siku yenyewe kilikuwa kinatoka hotelini na kilikuwa hakijaja. Mzee Kunambi alifungua mdomo kwa kila filimbi bila tabu, na upepo ukashuka kooni salama. Matroni akamsifu mbele ya wote kuwa mgonjwa wa mfano. Mzee akamtupia Zawena jicho kwa mbali, akalifumba haraka haraka mara nyingi. Zawena akauma mdomo asicheke.

*

Siku ikafika. Kwaya ikaanza kuimba toka gari la wageni liko barabarani.

Mtathmini Mkuu alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, ana miwani na faili, anaongea taratibu kama anasoma risala msibani. Hakuwa na ubaya wowote. Alikagua geti, akaandika. Alikagua mawe, akaandika. Mkurugenzi alitembea kando yake amekunja mikono mbele kama bwana harusi. Mguu mweupe wa mbuzi haukuonekana, Mungu ni mwema.

Chakula kikaletwa na magari ya hoteli. Hakuwa na uji hata mgonjwa mmoja. Kiwango kilisema lishe kamili, kwa hiyo ni pilau, vipande vya kuku, na kachumbari juu. Kila kitanda sahani moja, awe wa tumbo, awe wa meno, awe aliyelala hajitambui. Zawena aliiona sahani ikiwekwa pembeni ya baba yake. Mama Riziki aliinua macho, akamtazama kwa mbali, akiuliza bila kuuliza. Zawena akatikisa kichwa. Usimpe.

Wageni wakaingia wodini. Wakasimama chini ya ule ukuta wa KILA MGONJWA NI MZAZI WANGU, Mtathmini Mkuu akausoma kwa sauti, akarudia, akasema haya ni maneno mazito. Nje kwaya ilikuwa imefika ubeti wa naibu mawaziri.

Filimbi. Vijiko vyote juu.

Filimbi. Vyote mdomoni.

Kasoro kimoja. Mama Riziki alikuwa amekipeleka kijiko hadi mdomoni kwa mzee, akakigeuza kwa ujanja, pilau ikarudi kwenye sahani. Akafanya hivyo tena kijiko cha pili. Mwanamke jasiri yule. Matroni akaja kusimama nyuma yake, akamfinya ubavuni, mama Riziki akavumilia. Kijiko cha tatu akageuza tena.

Ila Mtathmini Mkuu alikuwa na macho. Akasogea kitandani, akainama kwa upole wote aliojaliwa.

"Mbona huyu mzee hali? Hammlishi kwa sababu ni maskini?"

Mkurugenzi akamtazama mama Riziki. Mama Riziki akamtazama Riziki, mguu wake juu kwenye kamba, paja bado halijaunga, na kila mtu wodini alijua akikataa ruhusa ya kwenda nyumbani itaandikiwa nani. Kijiko kikapanda. Kikaingia.

"Haya sasa," akasema Mtathmini Mkuu. "Na kingine. Muongeze na nyama."

Kikaingia kingine. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, limemtoka, linamtafuta mtu upande wa pili wa wodi.

Mzee akaanza kukoroma.

Mama Riziki akaita sista. Aliita kwa nguvu, mara mbili, na watu wote waliovaa buluu wakageuka wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake awe sista. Masista wenyewe walikuwa nje, chini ya turubai, wanashusha sauti ya pili.

Zawena akaiacha sahani ya Riziki ikaanguka. Hakukumbuka ruhusa wala nini. Akafika, akamgeuza baba upande, akampiga mgongoni, akaingiza vidole akatoa mchele, akatoa tena. Mkoromo ukaendelea. Akairukia pampu pale mezani, na mtu akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa Mkurugenzi, anatabasamu kwa wageni, anasema chini chini bila kufungua meno, "Utepe. Bado hajakata utepe."

Mtathmini Mkuu akasikia. Akafurahi. Akasema kumbe ndio muda wenyewe, hakuna uzinduzi mzuri kama wa mashine ikiwa kazini. Mkasi ukaletwa kwenye sinia. Akaushika. Akageuka kwa mpiga picha, akasema kwamba pamoja na yote angependa atumie fursa hii kuishukuru Mamlaka kwa kumwamini, na pia.

Zawena aliukata utepe kwa meno.

Akaikokota pampu hadi kitandani, waya mkononi, akapapasa ukuta kutafuta soketi. Palikuwa na bango. Akaingiza kucha nyuma ya Haki za Mgonjwa akavuta, msumari mmoja ukatoka, wa pili haukutoka, akavuta, kucha zikatoka. Mama Riziki naye akavuta kwa uzito wake wote. Riziki kule kitandani analia anagonga chuma kwa ngumi. Bango likapasuka katikati, mwanga wa dirisha ukaingia wodini kwa mara ya kwanza tangu maandalizi yaanze, ukamwangukia Mzee Kunambi usoni. Na kwenye mwanga ule Zawena aliona kwamba hakuna haja tena ya soketi.

Akakaa kitandani, akamlaza baba kichwa mapajani. Jicho la kushoto lilikuwa wazi. Akalifumba yeye, mara moja.

"Huyu ni baba yangu," akasema. Hakupiga kelele. "Ni baba yangu mzazi. Mmemuua baba yangu."

Mkurugenzi akawa wa rangi ya yale mawe. Nyota tano zikampita machoni zinaondoka moja moja. Matroni aliitia filimbi mdomoni akasahau kuipuliza.

Mtathmini Mkuu alimtazama yule binti wa sare ya buluu, analia, damu kwenye kucha, amemkumbatia mzee maiti. Kisha akageuza kichwa taratibu, akautazama ule ukuta. Akasoma. Akavua miwani, akafuta macho.

"Nimekagua mahospitali mengi," akasema, sauti imekatika. "Maneno ukutani nimeyaona kila mahali. Mtumishi anayeyaishi, sijawahi kumwona. Hadi leo."

"Ndivyo tunavyowafundisha," akasema Mkurugenzi.

"Anasema hadi tumemuua. Yaani anabeba lawama za taasisi nzima kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua."

"Huyo ni wa kawaida, mheshimiwa. Wengine wanalia zaidi."

Mtathmini Mkuu akaanza kupiga makofi. Msafara ukapiga. Waliovaa buluu nao wakapiga, maana walishazoea, isipokuwa mama Riziki, aliyekuwa amekaa chini sakafuni ameshika kile kijiko. Mlango ukafunguliwa, kwaya ikaingia na ubeti wa mwisho. Sista Tumpe aliingia akiimba, akaona kitanda cha dirishani, akaacha mdomo wazi katikati ya jina la kiongozi.

*

Hospitali Kuu ya Matumaini Endelevu ilipata nyota nne. Ya tano ilizuiliwa kwa sababu utepe ulikatwa kinyume cha taratibu.

Ripoti ilimtaja Mzee Kunambi. Ilisema alifariki akiwa katikati ya huduma, amelishwa vizuri, mashine iko karibu, hakufa peke yake. Kote huko alipata alama zote. Ilisema hakuwa na ndugu aliyefika, na mtumishi mmoja ndiye aliyemlilia.

Hapo ndipo kukawa na kasheshe ndogo mochwari. Mwili hutolewa kwa ndugu, na kwa mujibu wa ripoti ndugu hayupo. Zawena aliambiwa yeye ni mtumishi, na mtumishi kuchukua mwili wa mgonjwa ni upendeleo. Mama Riziki akaja kushuhudia, naye akaonekana ni mtumishi. Wodi nzima ikaja kushuhudia, wote watumishi. Mwishoni mtu wa mochwari, baada ya kuwasikiliza sana, akasema anakwenda kunywa chai, na mlango wa nyuma huwa haufungi vizuri, aliripoti siku nyingi. Wakambeba. Wakamzika kwa heshima zake, na mafundi baiskeli wa mji mzima walikuja wakatembea wakisukuma baiskeli nyuma ya jeneza.

Makaburini mama Riziki hakuthubutu kumsogelea Zawena. Alisimama nyuma kabisa, kwenye nyasi. Zawena ndiye aliyemfuata.

"Haukuwa mkono wako, mama," akamwambia.

Mama Riziki alitikisa kichwa, akautazama mkono wake. "Ni huu huu, mwanangu. Sina mwingine."

Sare zilirudishwa, zikafumuliwa mshono, zikawa mapazia tena. Masista walirudi wanne wale wale. Ndugu wakarudi kwenye mafiga, na mlinzi akatafuta fimbo yake. Na pale getini likasimamishwa bango jipya, kubwa kupita la zamani, lina nyota nne juu, na chini picha ya Zawena analia. Watu wakawa wanatoka vijijini na wagonjwa wao kwenye machela, wanamwuliza mlinzi wanampataje yule sista wa kwenye picha.

Zawena alichukua kibanda cha baba. Kazi aliijua tangu mtoto. Mwaka ulipokaribia kuisha, amechutama kando ya beseni la maji, anazungusha tyubu kutafuta pancha inapotoa mapovu, gari la hospitali likasimama. Akashuka dereva, kijana mmoja mwenye adabu, anaitwa Kadete. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na sare ya buluu, imepigwa pasi, imetundikwa kwenye hanga.

Kadete akasalimia, akatoa pole za msiba zilizochelewa. Akasema wakaguzi wanarudi kwa ajili ya ile nyota ya tano, tena safari hii na wageni wa kutoka nje, na Mtathmini Mkuu ameomba kwa mdomo wake kwamba akute yule binti anayelia. Mkurugenzi anasema atalipwa vizuri. Kitanda atachagua mwenyewe.

Povu likatoka kwenye tyubu. Zawena akaweka kidole pale, akachora alama kwa chaki.

"Kamwambie bosi wako," akasema, "mzazi nilikuwa naye mmoja tu. Ameisha."

Kadete akaitazama ile sare, akamtazama na yeye, akakuna shingo. Alikuwa kijana mzuri, hakupenda kumwudhi mtu.

"Hilo walishalifikiria, dada," akasema. "Watakupangia mwingine pale pale."